Sura ya Tisa: Mkwe Haandikishwi

Nyamizi alikuwa ameikariri karatasi ile tangu Mwanza, neno kwa neno, na kila alipoirudia damu ilimchemka upya. "Hoteli yetu," ilisema karatasi, "imejengwa mahali palipokuwa pori tupu, pasipo na mtu wala kitu, mpaka siku Mzee Masalu alipopaona na kupapenda."

Pori tupu! Jamani, kuna watu wana macho makavu. Pori hilo ndilo alilochungia ndama akiwa na meno ya utotoni. Pori hilo lilikuwa na zizi la babu yake Luhaga, lililozungushiwa uzio wa miti ya manyara, na ndani ya zizi, karibu na mlango, ndipo alipozikwa Luhaga mwenyewe. Wenye miji wa zamani hawakuzikwa makaburini. Walilazwa kati ya ng'ombe wao, na hakuna Msukuma asiyelijua hilo.

Sasa alisimama kwenye ukumbi wa mapokezi, viatu vyake vikilia juu ya marumaru, akaangalia ziwa kupitia vioo. Jiwe kubwa bado lilikuwepo majini, lile alilozoea kulikalia akiosha miguu. Akapima kwa macho kutoka kwenye jiwe kuja nchi kavu, kama marehemu baba yake alivyomfundisha utotoni, kwa kuhesabu hatua, kuutafuta mlango wa zizi, na macho yakatua kwenye paa jekundu la kasino.

"Wamemjengea juu," alisema kwa sauti ndogo. "Wamemwekea babu yangu meza za kamari kifuani."

Basi, lililokuwa limebaki la kusitasita moyoni likakauka.

Leo hoteli ilikuwa inafunguliwa. Saa nne asubuhi wageni wangezungushwa kila mahali, na mzungushaji alikuwa yeye. Kampuni aliyofanyia kazi Mwanza ilishika shughuli za namna hiyo, na kwenye barua alikuwa Bi. Veronika, jina lake la ubatizo. Kwa akina Masalu hakuna aliyemjua kwa jina hilo. Mpango wake ulikuwa mwepesi: atalisifia bwawa, atavisifia vyumba, ataisifia sauna, na wakifika kasino, kituo cha mwisho, ataikunja karatasi yao na kusema ukweli. Atawaambia wageni ardhi ile ilipatikanaje, na chini ya zile meza amelala nani. Nani kutoka Bariadi au Maswa angeweka mkono kwenye meza iliyomkalia mwenye mji? Thubutu! Masamva wa watu, mizimu ya mababu, hawachezewi. Hoteli ingekufa siku ile ile iliyozaliwa.

Na Constantine angekufa nayo. Hapo ndipo palipouma, maana pamoja na yote hayo, Mungu amsamehe, bado alikuwa akimwota.

Miaka saba iliyopita Constantine alikuwa mchumba wake. Ng'ombe kumi na wawili wa mahari waliingia kwa baba yake, Mwandu, pale Mwamanyili, vigelegele vikapigwa mpaka sauti zikakauka. Wiki mbili baadaye Mzee Masalu, baba yake Constantine, akaja na mwanawe, akaketi, akanywa maziwa, akaomba kile kipande cha ufukweni chenye zizi la zamani. Alisema anataka kukitumia tu, kwa ukwe. Mjomba mmoja akanong'ona kwamba afadhali waandikishane. Mwandu akamkemea mbele ya wote: "Mkwe haandikishwi! Ukimwandikisha mkwe, umemwita mwizi mbele ya watoto." Akatoa ardhi kwa moyo mweupe, kwa sharti moja tu, kwamba Luhaga asiguswe.

Mvua ilipokatika, hati ikatoka kwa jina la Masalu. Uchumba ukavunjwa. Na ng'ombe wa mahari wakafuatwa.

Angekuja kuwachukua mchungaji, ingeuma kiasi. Alikuja Mama Constantine mwenyewe, mwanamke, na fimbo mkononi, akawaswaga ng'ombe wale katikati ya kijiji mchana kweupe, akisema kila alipopita, "Mwanangu haoi kwenye samadi." Hata ndama aliyezaliwa pale pale hakuachwa. Mwandu alifungua mlango wa zizi kwa mkono wake, akaufunga, akaingia ndani kulala. Pamba ya msimu uliofuata hakuivuna yeye.

"Nyamizi."

Aliijua sauti kabla hajageuka.

"Naitwa Veronika," alisema bila kumtazama. "Imeandikwa hapa kifuani. Soma."

"Mwangaluka, Nyamizi."

Salamu ya nyumbani hairukwi, hata kwa adui. "Mwangaluka," alijibu, na ndipo akageuka. Constantine alikuwa amekonda. Suti ilikuwa nzuri, lakini mabega ndani yake yalikuwa ya mtu asiyelala vizuri. Kovu lilikuwa bado pale juu ya nyusi, lile alilomwosha yeye kwa maji ya ziwa siku alipoanguka kwenye mawe. Walitazamana.

"Nilijua utakuja," alisema Constantine.

"Nimekuja kazini."

"Najua ulichojia."

"Hujui kitu, Kosta. Ungejua ungekuwa umeshawaita walinzi." Sauti ilimtoka kali kuliko alivyotaka. "Ulikuwepo siku ile. Ulikaa kando ya baba yako na kikombe cha maziwa cha mama yangu mkononi. Ulisikia baba alivyosema?"

"Nilisikia."

"Na sharti la babu?"

"Nilisikia, Nyamizi."

"Na ng'ombe walipoondoka ulikuwa wapi?"

"Nairobi. Walinipeleka chuoni wiki ile ile."

"Simu huko hazifiki?"

"Zinafika."

"Basi?"

Constantine aliinamisha kichwa. "Niliogopa. Sina neno jingine la kulipamba. Baba alisema nikikutafuta nisirudi kwake. Nilikuwa sijawahi kujilisha hata siku moja, nikaogopa."

Nyamizi alikuwa amejiandaa kwa uongo. Kwa uongo alikuwa na majibu mia. Ukweli huu mdogo, mnyonge, ulimkuta hana pa kuuweka, na hilo likamkasirisha zaidi.

"Baba yangu alikufa akisema labda kijana atapiga simu," alisema. "Sikuwahi kumwambia mtu hilo. Nakwambia wewe likukae."

"Limenikaa." Akasogea hatua moja. "Njoo, kuna kitu nikuonyeshe kabla wageni hawaja..."

"Constantine! Wapiga picha wanakutafuta!"

Mama Constantine aliingia na kitenge cha bei na kilemba kirefu, manukato yakimtangulia. Alimtazama Nyamizi kuanzia viatuni mpaka kichwani, na Nyamizi akangoja. Lakini wapi! Mwanamke yule hakuwahi kumtazama vizuri hata alipokuwa mkwe. Angemtambuaje leo?

"Wewe ndiye dada wa Mwanza? Haya. Sauti iwe ya juu, usimung'unye maneno. Na pale penye 'pori tupu' pasome taratibu, mzee anapapenda sana."

"Nitapasoma, mama. Nitapasoma taratibu kabisa."

"Vizuri. Una adabu. Siku hizi wasichana wenye adabu hawapatikani."

Nyamizi alimtupia Constantine jicho. Hii ndiyo nafasi yako, lilisema jicho lile. Mwambie mama yako huyu ni nani. Constantine akafungua mdomo, akamtazama mama yake, akaufunga.

Kimya tena! Basi mwana, umechagua. Nyamizi akachukua kipaza sauti na kwenda kupokea wageni.

Walikuwa kama sitini hivi. Wafanyabiashara wa pamba, wenye ng'ombe wao, wageni wa kutoka Mwanza, na mbele kabisa Mzee Maduhu wa Sapiwi na kofia yake pana. Mzee huyo alikuwa na ng'ombe wengi mno, na hakuficha kwamba amekuja kuona gurudumu la bahati linavyozunguka. Mzee Masalu alitembea kando yake akicheka kila neno.

Na Nyamizi aliwazungusha, tena kwa ufundi. Aliwaonyesha gati jipya la boti, na wavu uliowekwa viboko wasisogee. Aliwaonyesha bwawa la kuogelea lenye vigae vya buluu. "Kwa wale wanaolipenda ziwa lakini hawaupendi ugonjwa wa kichocho," alisema, wakacheka. Aliwafungulia vyumba vyenye roshani zinazotazama maji, vya watalii watakaotoka Serengeti na mavumbi yao. Aliwaingiza sauna, na Mzee Maduhu akatoka mbio akijipepea kwa kofia.

"Yaani mtu alipe apate joto? Hapa Simiyu?"

Hata Nyamizi alicheka. Kisha akawaongoza kasino, na kicheko kikamwisha.

Ukumbi ulikuwa wa kupendeza, tusimnyime mwenye chake. Mashine za bahati zilikuwa zimejipanga ukutani zikimeta. Meza zilivikwa kitambaa cha kijani, na ukuta mzima wa upande mmoja ulifunikwa kwa pazia zito jekundu. Wageni waliingia wakishusha sauti wenyewe. Nyamizi akasimama katikati, akahisi sakafu chini ya viatu vyake. Babu, nisamehe nakukanyaga, alisema moyoni. Ni kwa mara ya mwisho.

"Sasa historia," alisema kwenye kipaza sauti. "Karatasi niliyopewa inasema hapa palikuwa pori tupu, pasipo na mtu." Alisoma taratibu kama alivyoagizwa, na Mzee Masalu akatabasamu. Kisha akaikunja karatasi mara mbili na kuiweka mezani. "Huo ni uongo. Hapa palikuwa na zizi la Luhaga. Mimi ni mjukuu wake. Naitwa Nyamizi binti Mwandu, wa Mwamanyili."

Tabasamu la Mzee Masalu lilikauka.

Akawasimulia yote. Mahari, maziwa, ombi la mkwe, mjomba aliyekemewa. Alipofika kwenye maneno ya baba yake, kwamba mkwe haandikishwi, wazee kadhaa wakaitikia kwa kichwa bila kujijua, maana hata wao wangesema vivyo hivyo. Akasimulia fimbo na ndama. Sauti ilimtetemeka mara moja tu, alipomtaja baba yake akifunga mlango wa zizi tupu.

"Na babu yangu yuko hapa hapa," alimaliza. "Mmemkanyaga. Ng'ombe walimlinda miaka arobaini, sasa analindwa na meza za kamari."

Mzee Maduhu alikuwa ameshika ukingo wa meza. Akauachia kama umemuunguza.

"Mwongo!" Mama Constantine alijipenyeza mpaka mbele, kilemba kimeinama. Sasa alimtambua, tena sana. "Kumbe ni wewe? Umeachwa miaka saba hujatosheka? Mshahidi wako nani? Karatasi yako iko wapi? Onyesha karatasi!"

Karatasi hakuwa nayo. Mwanamke yule alijua, na alijua kwa sababu gani. Wageni wakaanza kutazamana.

"Mimi ndiye karatasi yake."

Constantine alikuwa amesimama kando ya pazia. Uso wake ulikuwa umesawijika kwa hofu, ile ile ya siku zote, lakini mdomo safari hii ulikuwa wazi.

"Nilikuwepo," alisema. "Nilikaa kwenye kigoda, nikanywa maziwa. Baba aliomba kwa ukwe, na Mzee Mwandu akampa kwa ukwe, si kwa kuuza. Na alisema Luhaga asiguswe. Kila alilosema Nyamizi ni kweli, ila moja."

"Nyamaza, Constantine," alisema Mzee Masalu.

"Nimenyamaza miaka saba, baba. Imetosha."

Akavuta kamba. Pazia likaenda upande, mwanga wa ziwa ukaingia, na watu wakaguna. Nyuma ya kioo kulikuwa na kiwanja kidogo kilichozungukwa na kuta za hoteli pande tatu, kimefunguka ziwani. Katikati yake ulisimama uzio wa manyara, mzee, uliojikunja, umefunga duara. Penye mlango wake palikuwa na jiwe bapa la kaburi la Luhaga, lile ambalo utotoni Nyamizi alipigiwa kelele asilikalie.

Nyamizi akashika kiti. Alikuwa amekosea hatua kumi na tano hivi. Hatua za mtoto zilikuwa zimemdanganya.

"Ramani ya kwanza iliiweka kasino juu yake," alisema Constantine, akimwambia yeye peke yake, kana kwamba ukumbi ulikuwa mtupu. "Niliwaambia mafundi chini kuna mwamba, hapachimbiki. Wakasogeza ukuta."

"Mwamba!" Mzee Masalu alipiga kelele. "Uliniapia ni mwamba!"

"Nilikudanganya, baba. Nilijifunza kwako."

Mtu mmoja nyuma akacheka, akajizuia. Mzee Masalu akamnyooshea mwanawe kidole. "Toka kwangu. Kuanzia leo huna baba."

"Nilishajua utasema hivyo," alijibu Constantine. "Nimeshafungasha."

Nyamizi alimtazama, na mambo yakaanza kujipanga kichwani. "Kosta. Kampuni yetu ilichaguliwa na nani?"

"Na mimi. Nilijua unafanya kazi pale."

"Ulijua nitakuja kusema."

"Nilitumaini. Peke yangu nisingeweza kuanza. Umeniona pale mapokezi, nilishindwa hata na jina lako."

"Kwa hiyo hata kisasi changu umekikodi wewe?" Alitaka kumpiga. Alitaka vilevile kulia kwenye lile bega lililokonda. "Loo! Mwoga mkubwa wewe!"

"Ndiyo," alisema Constantine. "Lakini nimesema."

Mzee Maduhu akavaa kofia yake. "Masalu," alisema kwa upole wa kutisha, "nilipanga kuja na wenzangu wa Sapiwi kila mwisho wa mwezi. Lakini mtu aliyemfanyia mkwe wake hivi, mimi nikicheza kwake atanifanyia nini? Umalize na mwenye zizi kwanza. Mpaka hapo, hutuoni." Akaenda mlangoni, na kundi la wenye ng'ombe likamfuata.

Mzee Masalu aliwatazama wakitoka. Ilikuwa riziki ya hoteli yote inatoka vile. Akamgeukia Nyamizi, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa ya kuomba.

"Binti. Taja bei."

"Baba yangu hakukuuzia. Mimi nami siuzi."

"Sasa unataka nini?"

Alichotaka alikuwa amekiota kwa miaka saba, na katika ndoto zile hoteli iliungua kila mara. Alimtazama Constantine, akautazama uzio wa manyara, kisha akamtazama mwanamke mwenye kilemba kilichoinama. Malipo ni hapa hapa duniani, walisema wazee, na Nyamizi hakuwa na haraka ya kwenda kuyatafuta kwingine.

"Ng'ombe wangu," alisema. "Kumi na wawili, na ndama wao. Warudi kwa miguu. Wapite barabara ile ile ya kijijini, mchana, halafu waingie kwa lango kubwa, wapite mapokezi juu ya marumaru, mpaka kwenye zizi la Luhaga. Na awaswage aliyewaondoa."

"Mimi?" Mama Constantine alishika kifua. "Nishike fimbo mimi? Mbele ya watu?"

"Uliishika mara moja, mama. Njia unaijua."

Mkuki kwa nguruwe. Mwanamke yule aliangaza macho kumtafuta wa kumtetea. Mumewe alikuwa akitazama mlango waliotokea wenye ng'ombe.

"Utaswaga, Mama Kosta," alisema mzee bila kugeuka. "Utaswaga."

Nyamizi akachukua mkoba wake. Alipofika usawa wa Constantine, akasimama. Walikuwa karibu kiasi kwamba alisikia anavyohema.

"Na mimi?" aliuliza kijana kwa sauti ya chini. "Nije nyuma ya ng'ombe?"

"Utakuja nyuma kabisa, kwenye vumbi. Baba yangu mdogo atawakagua ng'ombe mmoja mmoja, na mimi nitakukagua wewe. Mmoja wenu akikataliwa, mnarudi wote."

"Kwa hiyo umekubali?"

"Sijakubali kitu. Nimesema njoo." Macho yalikuwa yamemjaa machozi, na hakuyafuta. "Na Kosta, uje na karatasi na kalamu, na mashahidi wanne. Baba yangu alikuwa mtu mwema kuliko mimi. Safari hii, wakwe tunaandikishana."